UZI: Kikundi cha kuacha uraibu kisichofungamana na dini, unakichaguaje?

Ngalawa_Tatu (mleta uzi)

Wakuu, swali la "nitafute kikundi gani kisicho cha dini" haliishi, na majibu huwa ni majina matupu: nenda SMART, nenda LifeRing. Jina halimsaidii mtu. Vikundi viwili vyenye jina moja vinaweza kupishana kama mbingu na ardhi, kwa sababu kinachokifanya kikundi ni anayekiongoza na namna dakika zinavyotumika. Neno "kisicho cha dini" linakupa habari moja tu: hakuna atakayekutaka usali au ukabidhi maisha yako kwa nguvu iliyo juu yako. Mengine yote inabidi uyachunguze mwenyewe.

Ramani fupi kwanza, ili tuongee lugha moja.

AA (Alcoholics Anonymous), umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza 1935 Marekani, na karibu kila kikundi kinachofuata ama kimeiga AA au kimeikimbia. Katika Hatua zake 12, Mungu anatajwa kwa jina katika ya 3, ya 5, ya 6 na ya 11. Ya 2 inataja nguvu kubwa kuliko wewe, na ya 7 inamzungumzia Mungu bila kumtaja. Ndiyo maana watu hukwama.

Women for Sobriety (1975) ni ya wanawake. Ina matamko 13 badala ya hatua, na mwanachama hujitambulisha kama mwanamke anayejiweza, si kama mlevi. SOS (Secular Organizations for Sobriety) ilianza 1985, ikasema kuacha pombe ni jambo moja na imani ni jambo jingine. LifeRing ilizaliwa kutoka SOS. SMART Recovery, 1994, inategemea mbinu za tiba ya fikra na tabia. Moderation Management, pia 1994, ni ya wanaotaka kupunguza pombe, si kuacha. Recovery Dharma, 2019, hutumia mafundisho ya Kibudha na tafakuri. Haina Mungu, ila sijui kama ni haki kuiita isiyo ya dini. Mtu aliyekimbia sala anaweza asipende pia kukaa kimya amefumba macho kwa dakika 20.

Halafu kuna vikundi vya AA vya wasioamini. Vipo tangu 1975, cha kwanza kikiwa Chicago. Sharti pekee la uanachama wa AA ni nia ya kuacha kunywa, kwa hiyo wana haki ya kuwepo, ingawa si wote walipokelewa vizuri. Toronto, mwaka 2011, vikundi vya namna hiyo viliondolewa kwenye orodha ya mikutano kwa kubadili maneno ya Hatua, na vilirudishwa 2017 baada ya malalamiko kufika kwenye baraza la haki za binadamu.

Wenye uzoefu wa kuendesha vikao, karibuni. Tuweke vitu vinavyoshikika.

---

Bi_Kipimo

Kabla ya kikundi chochote, kuna jambo moja ambalo likikosewa mtu anakufa. Kikundi hakiondoi sumu mwilini.

Mtu anayekunywa kila siku, anayeamka akitetemeka na anatulizwa na glasi ya kwanza ya asubuhi, asiache ghafla kwa sababu kesho ana kikao. Mshtuko wa kifafa huja kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Hali mbaya zaidi, ya kuweweseka, kuona visivyokuwepo, homa na moyo kwenda mbio, huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, yaani pale ndugu wanapodhani amevuka. Dawa za usingizi na wasiwasi za jamii ya diazepam zina hatari hiyohiyo. Aende kwa daktari kwanza, apewe dawa kwa ratiba na vitamini B1. Kikundi kinaanza palepale, hata kabla, lakini pembeni ya daktari.

Arosto ya heroini ni adha kubwa, ila kwa mtu mzima mwenye afya mara chache huua yenyewe. Kinachoua ni kinachofuata: mwili umeshasahau kiwango, mtu anarudia dozi ya zamani, pumzi inakata. Kikundi cha watumiaji wa afyuni ambacho hakijawahi kutamka neno naloxone, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha, hakijawajibika.

Kujua uko wapi kwa upande wa pombe, tumia AUDIT ya Shirika la Afya Duniani. Maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji wako una hatari. 20 na kuendelea, utegemezi unawezekana na unahitaji mtaalamu. Jaza peke yako, kwa sababu mwenzi akikaa pembeni alama hupungua kimiujiza.

---

Fundi_Saa

Mleta uzi kagusa penyewe: dakika. Ukitaka kukijua kikundi, hesabu dakika.

Kikao cha SMART kwa kawaida ni dakika 60 hadi 90. Kinafunguliwa kwa maelezo mafupi, kila mtu anasema yuko wapi, mwezeshaji anachukua mambo mawili au matatu yaliyojitokeza na kuyafanya ajenda. Sehemu ndefu ya katikati ni ya kazi: ubao, karatasi, zoezi. Mwisho kila mtu anasema atafanya nini kabla ya kikao kijacho. Mwezeshaji amepitia mafunzo na si lazima awe aliwahi kuwa mraibu. Watu wanajibizana, wanaulizana maswali. Hakuna mlezi (mwanachama mzoefu anayemshika mkono mgeni), hakuna lebo ya "mimi ni mraibu", na hakuna matarajio kwamba utahudhuria hadi kaburini.

LifeRing ni tofauti kabisa. Swali ni moja: wiki yako ilikuwaje? Unaeleza siku zilizopita na unachokiona mbele, kama harusi, mshahara au safari, na wenzako wanakuuliza na kukujibu. Hakuna somo wala ubao. Lugha yao ni kwamba ndani yako kuna nafsi mbili, ya uraibu na ya kiasi, na mazungumzo yapo ili kuilisha ya pili. Lazima uwe umelenga kuacha pombe na dawa zote zisizo za matibabu.

Sasa hesabu. Saa moja kwa watu 12 ni dakika tano kila mmoja, na hapo hujatoa za ufunguzi. Wakifika 18, LifeRing inakufa: kila mtu anatoa ripoti, hakuna anayeulizwa. SMART inaweza kubeba wengi kidogo kwa sababu zoezi la mmoja linawafaa wote, lakini nayo ikizidi inageuka darasa. Kwa maoni yangu 6 hadi 10 ndiyo tamu. Chini ya watu wanne kikundi kinaelemea mtu mmoja, naye akiugua kinavunjika.

Ukihudhuria mara ya kwanza, angalia saa kimyakimya. Mwongozaji ameongea dakika ngapi? Zikizidi theluthi ya kikao, yule anahubiri, hata kama hajamtaja Mungu.

---

Pweza_Mkavu

Fundi, hapo kwenye kuhubiri bila Mungu umenikumbusha aina nyingine: kikundi ambacho nusu ya muda watu wanaisema AA na kuwacheka wanaosali. Hicho nacho kimefeli. Kutofungamana na dini maana yake imani inabaki mlangoni pamoja na viatu, ya mwenye dini na ya asiye nayo. Mwenye kusali swala tano au kwenda kanisani anakaribishwa sawa na asiyeamini, na asitoke akiwa amedhihakiwa. Mtu akisema "nilisali nikatulia", jibu sahihi la mwezeshaji ni "vizuri, na baada ya kutulia ukafanya nini?" Yanaishia hapo.

---

Mgeni_wa_Jana

Samahani wakuu, "zoezi" na "ubao" ndiyo nini? Mnaongelea kama kila mtu anajua.

---

Fundi_Saa

@Mgeni_wa_Jana swali zuri sana ndugu, na ni kosa letu. Nakupa mawili.

La kwanza ni karatasi ya faida na hasara. Unaigawa mara nne: faida za kutumia, hasara za kutumia, faida za kuacha, hasara za kuacha. Kila kitu unachoandika unakiwekea alama, kama ni cha muda mfupi au mrefu. Ukimaliza utaona karibu faida zote za kutumia zina alama ya muda mfupi, na hasara nyingi za kuacha pia ni za wiki chache. Somo limejichora lenyewe, hakuna aliyekufundisha.

Wanapokosea: wengi huona haya kujaza ile sehemu ya kwanza. Wanaandika "hakuna faida" wapate kuonekana wamejutia. Karatasi hiyo ni bure. Kama pombe ilikuwa inakupa usingizi, ujasiri wa kuongea na watu na kisingizio cha kutokuwa nyumbani, hivyo vitu vitatu ndivyo utakavyopungukiwa siku ya nne. Sehemu hiyo ndiyo orodha ya vitu vya kutafutiwa mbadala. Mwezeshaji mzuri huanzia hapo.

La pili ni A-B-C, iliyotoka kwa mwanasaikolojia Albert Ellis. A ni tukio, B ni unachojiambia kuhusu tukio, C ni matokeo. Mtu huja na A na C tu: "bosi alinifokea, nikanywa." Ubaoni inakuwa hivi:

A: Kafokewa mbele ya wenzake saa nane mchana.
B: "Siwezi kuvumilia kudharauliwa. Nastahili kitu cha kunituliza."
C: Hasira, kifua kubana, baa saa kumi na moja.

Halafu inaongezwa D, kuipinga B kwa maswali: Kweli huwezi kuvumilia? Kuanzia saa nane hadi kumi na moja ulivumilia vipi? Kunywa kulimfanya bosi akuheshimu? Na E ni sentensi mpya inayoaminika: "Sikupenda, iliniuma, na nimeweza kukaa nayo kwa muda wa saa tatu." Angalia, E haisemi "mimi ni jasiri, nitashinda". Sentensi ya kujipamba haimshawishi hata aliyeiandika. Lazima iwe ya kweli kiasi kwamba ukiirudia usiku huoni aibu.

Hapo kikundi kinafanya kazi ambayo daftari peke yake haliwezi. Ile hoja ya kuvumilia kwa saa tatu, kwa kawaida mwenye tatizo haioni, anaiona aliyekaa mkabala naye.

---

Bi_Kipimo

Niongeze kuhusu kiu, maana ndiyo inayowatoa watu vikaoni. Kiu hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, ukiwa hujailisha. Vikundi vya mbinu hufundisha kuitazama kama wimbi: iko wapi mwilini, kooni, tumboni, mikononi? Imepanda hadi ngapi kati ya 10? Andika saa. Baada ya dakika kumi andika tena. Wiki mbili za kumbukumbu hizo zinakuonyesha saa zako mbaya. Mara nyingi ni saa zilezile, na nyingi zimefungwa kwenye njaa, hasira, upweke au uchovu.

Ukikuta zote ziko kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, basi kikundi cha Jumamosi asubuhi kinakufaa nusu tu. Tafuta kikao kinachokaa juu ya saa yako mbaya. Hiki ni kigezo ambacho karibu hakuna anayekitumia, nami nakiweka juu ya falsafa ya kikundi.

---

Tumbo_Moto

Mnazunguka sana. Hatua 12 zimeokoa mamilioni. Haya makundi ya karatasi ni ya wasomi. Mtu asiyejisalimisha haachi.

---

Ngalawa_Tatu

@Tumbo_Moto mkuu, nusu ya kwanza nakuunga mkono. Mapitio makubwa ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona AA, na tiba zinazomwelekeza mtu huko, zinafanya sawa au vizuri kuliko tiba nyingine zilizozoeleka, hasa katika kuacha pombe kabisa. Asiyekwazika na Hatua hana sababu ya kuzikimbia.

Ila nusu ya pili hapana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwafuatilia watu wenye tatizo la pombe waliokuwa kwenye Women for Sobriety, LifeRing, SMART na vikundi vya Hatua 12. Kujihusisha zaidi na kikundi kuliendana na matokeo mazuri, na hilo halikutofautiana kwa maana kati ya kikundi na kikundi. SMART ilionekana nyuma kidogo, ila tofauti hiyo ilififia malengo ya wahusika yalipowekwa kwenye hesabu, maana si wote waliokuwa wamelenga kuacha kabisa. Anayekwenda kupunguza hawezi kupimwa kwa rula ya aliyekwenda kuacha.

Kwa hiyo ukiniuliza kigezo cha kwanza ni kipi, si dini. Ni lengo. Amua kwanza: naacha kabisa, naacha kimoja nabakiza kingine, au napunguza? LifeRing inataka vyote viachwe. SMART inakuacha uchague tabia unayoishughulikia, na inapokea hata kamari na ununuzi. Moderation Management ni pombe pekee. Mvuta bangi anayetaka kuacha pombe tu ataingia LifeRing na kugombana nao bure, wakati si wao wala yeye aliyekosea.

---

Bi_Kipimo

Kwa kuwa kupunguza kumetajwa, tusiache nusu nusu. Moderation Management huanza na siku 30 bila pombe kabisa. Halafu mipaka: mwanamume asizidi vinywaji 4 kwa siku na 14 kwa wiki, mwanamke 3 kwa siku na 9 kwa wiki, na kuwe na siku kadhaa kila wiki bila kugusa.

Tatizo ni "kinywaji". Ni kipimo cha Marekani: gramu 14 za alkoholi halisi. Mililita × asilimia × 0.789. Bia ya mililita 500 yenye 5%: 500 × 0.05 × 0.789 = karibu gramu 20, yaani kinywaji kimoja na karibu nusu. Mipaka ya 14 kwa wiki ni gramu 196, sawa na chupa kama 10 za namna hiyo. Anayehesabu chupa 14 amekunywa gramu 276 huku akijipongeza. Chupa ya mililita 750 ya pombe kali ya 40% ina gramu 237, vinywaji karibu 17 ndani ya chupa moja. Anayemimina kwa macho hana anachopima.

Zile siku 30 ni mtihani wenyewe. Aliyeshindwa kuzimaliza mara mbili ameshapata jibu: kupunguza si njia yake. Na mwenye zile dalili nilizotaja juu, mjamzito, mgonjwa wa ini au anayetumia dawa zinazogombana na pombe asianze hata huko.

---

Kadi_Nyekundu

Naleta dalili za kikundi cha kukimbia. Ukiona moja ya hizi, beba mkoba wako.

Kikundi kinakuambia uache dawa ulizoandikiwa. Hili ndilo baya kuliko yote. Methadone na buprenorphine zinapunguza vifo kwa walioathirika na heroini, na kuna vikao, vya dini na visivyo vya dini, ambako anayezitumia anaambiwa "bado hujaacha" au hapewi nafasi ya kuongea. Uliza mapema kabisa, kwa maneno haya: "Anayetumia methadone hapa anahesabiwa vipi?" Jibu likianza na "inategemea", umeshajibiwa. SMART msimamo wake rasmi ni kwamba dawa ni kati yako na daktari wako.

Ada ya kuingia, virutubisho vya kununua, au mwongozaji anayewahamishia wanachama kwenye ushauri wake wa kulipia. Mchango wa hiari wa kulipia ukumbi ni kawaida. Risiti ya "kifurushi" siyo.

Ahadi ya asilimia. "Asilimia tisini ya wanachama wetu wameacha." Kikundi kisichotunza majina kimepataje hiyo hesabu?

Kuwinda wageni. Mtu mwenye miaka yake ya kuacha anamganda mgeni wa wiki ya kwanza, anaomba namba, anampa lifti. Kikundi chenye akili kinalisema jambo hili waziwazi kwenye ufunguzi na kina mtu wa kupelekewa malalamiko ambaye si mwongozaji mwenyewe.

Na masimulizi ya kilevi. Gramu ngapi, aina gani, ilivyopanda vizuri. Mwongozaji asiyeyakata anawapandisha watu kiu na kuwaachia njiani.

---

Pweza_Mkavu

Naongeza la mahakama, japo ni la Marekani. Kule mahakama za rufaa zimeshaamua, 1996 na tena 2007, kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mfungwa au aliye chini ya uangalizi kwenda kwenye programu yenye Mungu bila kumpa njia nyingine. Kwa hiyo aliyeamriwa kuhudhuria huko ana haki ya kuomba kikundi kisicho cha dini. Aombe kwa maandishi kabla hajaanza kukosa vikao, maana mahudhurio mabaya yanamharibia hoja.

---

Sanduku_la_Barua

Na wasio na kikundi karibu? Za mtandaoni zinafaa?

---

Fundi_Saa

Zinafaa, na kwa wengi ndizo pekee. SMART na LifeRing zote zina vikao vya mtandaoni. Ila faragha huvuja kwenye vitu vidogo.

Jina la skrini: programu ya mikutano hubeba jina lako kamili kutoka kazini. Badilisha kabla ya kubonyeza kuingia, si baada. Vaa visikilizio, maana siri inayovuja si yako tu, ni ya sauti zote zinazotoka kwenye spika. Zima mwonekano wa ujumbe kwenye skrini iliyofungwa. Kundi la WhatsApp linaonyesha namba yako kwa kila aliyemo, na mtu akiingizwa kesho anaiona pia. Kikundi makini huweka tangazo la vikao pale tu, na namba za kupigiana zinatolewa kwa hiari, mtu kwa mtu.

Hizo namba ndizo udhaifu wa vikundi visivyo vya dini. Hatua 12 zina mlezi unayempigia saa saba usiku. SMART haina. LifeRing haina. Unaziba pengo hili wewe: usitoke kikao cha tatu bila namba mbili, za watu waliokubali kupigiwa, na mpige mmoja siku ambayo hujambo. Simu ya kwanza ukiwa na kiu ni nzito sana. Ikiwa ya pili au ya tatu, kidole kinakwenda chenyewe.

---

Mgeni_wa_Jana

Na mtu akiteleza? Anarudi au anafukuzwa?

---

Kadi_Nyekundu

Anarudi, na kikundi kinachofukuza ukiandike kwenye orodha yangu ya juu. Aliyelewa wakati wa kikao anaombwa asikilize tu au arudi siku nyingine. Hiyo si kufukuzwa.

Tofauti ni namna kuteleza kunavyohesabiwa. Kuna wanaorudisha siku kwenye sifuri mbele ya watu, na kuna wasiohesabu siku kabisa. Sifuri inawasaidia baadhi. Wengine inawavunja: siku 140 zimefutika, basi liwalo na liwe, na glasi moja inageuka wiki nzima. Wataalamu wanaochunguza kurudia ulevi wanalijua hilo muda mrefu, kwamba hukumu ya mtu juu ya kuteleza kwake huweza kuleta madhara zaidi kuliko kinywaji chenyewe. Ukijijua wewe ni wa "potelea mbali", chagua kikundi kinachouliza "ilianzia saa ngapi, ulikuwa wapi, ulijiambia nini" badala ya "siku ngapi sasa".

Kwa mtumiaji wa heroini kuteleza ni suala la uhai kwanza. Rejea alichoandika Bi_Kipimo kuhusu dozi ya zamani. Asiwe peke yake, naloxone iwe karibu. Mazungumzo baadaye.

---

Sanduku_la_Barua

Mke wa mraibu naye ana pa kwenda?

---

Ngalawa_Tatu

Anapo, dada au kaka. Al-Anon, ya ndugu na marafiki wa walevi, ni ya Hatua 12. Upande usio wa dini, SMART ina vikao vya familia na marafiki, vinavyotumia mbinu iitwayo CRAFT: kumlipa mtu kwa uangalizi na ukaribu saa ambazo hajatumia, kujiondoa bila ugomvi saa ambazo katumia, kuacha matokeo ya kawaida yamfikie, na kuchagua saa ya kumwomba aende tiba. Usimlipie kikundi wala kumpeleka kwa kumvuta. Tafuta chako kwanza.

---

Bi_Kipimo

Kwa anayekwenda wiki hii. Chagua vikundi vitatu, si kimoja. Kila kimoja uhudhurie angalau mara tatu, kwa kuwa cha kwanza kila mtu ni mgeni na cha pili unaweza kuangukia siku mbovu. Fika dakika kumi kabla, mtafute mwongozaji, mwambie hujawahi kuja na leo utasikiliza. "Napita" ni jibu kamili mahali popote pazuri.

Ukitoka, kabla hujafika nyumbani, andika mistari mitatu: niliongea dakika ngapi, nani aliniuliza swali, nitafanya nini tofauti kabla ya kikao kijacho. Mstari wa tatu ukibaki mtupu mara tatu mfululizo, hapo sipo pako, hata kama watu ni wema na chai ni nzuri.

---

Mgeni_wa_Jana

Nimeelewa. Kile cha jioni kwanza basi, maana saa zangu ni kumi na mbili hadi mbili.